Unga wa Chunguni

Machi 9

Nimefika Oke-Apata alasiri. Nimepiga magoti mlangoni kama inavyompasa mke wa nyumba hii, na kabla sijainuka mama mkwe ameshauliza kama sanduku nililoshika lina nguo au lina vile vijiti vyangu vya kupimia chakula cha watu. Nikamwambia lina vyote.

"Basi vijiti vitalala chumbani kwako," akasema. "Wewe karibu."

Ndivyo tutakavyoishi mpaka mvua zipungue. Ofisi yetu ya upimaji huko Abeokuta imenikabidhi ghala la wanawake wa hapa nilipime msimu mzima, na imenichagua mimi kwa sababu nina pa kulala. Mkuu wangu anaona ni bahati. Gbolahan mume wangu, aliyeko Lagos na kazi zake, naye anaona ni bahati. Wote wawili hawajawahi kukaa jikoni kwa mama mkwe, Mama Ewatomi, wakingoja kuambiwa kwamba mchuzi wao unalilia chumvi.

Machi 11

Nimewasomea wanawake amri niliyokuja nayo. Ghala ni lao wote. Kila mwenye unga wa muhogo huuleta wakati wa jua, na mvua zikishafunga, miamba wanayoanikia ikawa haikaushi kitu, kila nyumba huja kuchota mpaka viazi vikuu vipya vitoke. Mama ndiye mtunzaji, na kabla yake alikuwa mama mkwe wake. Amri ni fupi: sumu ya ukungu ikionekana ghalani, na chanzo chake kisijulikane kabla ya Juni kuisha, ghala litafungwa na unga wote utafukiwa.

Walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akauliza kama ofisi itakuja pia kuwapikia, wakacheka mpaka nikacheka nao. Lakini nilipotazama nyuso zao baadaye niliona kwamba wameelewa. Mwaka wa ghala tupu wengine wao wameuona.

Machi 14

Leo nimepima juu ya miamba. Makopa ya muhogo yameanikwa kote, mtu ukisimama juu macho yanauma kwa weupe. Sumu ya muhogo wenyewe siiogopi hapa, watu hawa wanajua kuloweka. Karatasi yangu ya njano, ambayo sumu hiyo huigeuza nyekundu, imebaki njano kila nilipoijaribu. Ukungu nao hakuna. Nimefurahi kuliko nilivyotaraji, na nimeshangaa kuona nilikuwa nimebeba wasiwasi.

Mama alikuwa ananitazama toka mbali. "Mke wetu, hiyo karatasi imeshiba? Imeonja unga wangu kabla yako wewe."

Jioni nilikula amala yake, ugali wa unga wa muhogo, mara mbili, kumziba mdomo.

Machi 16

Joto. Nimefua.

Machi 22

Mvua ya kwanza imetukuta miambani. Hakuna aliyeikimbia. Kila mwanamke alikimbilia makopa, ya kwake na ya jirani, kwa ungo, kwa kanga, kwa turubai. Sidikatu, mke mdogo wa nyumba ya pili, alivua kilemba akakijaza makopa akateremka kichwa wazi, na wanaume waliokuwa barabarani wakageuza nyuso. Yeye huwa wa mwisho kuanika na wa mwisho kuanua. Mdomo wake, kwa upande mwingine, huwa wa kwanza.

Machi 30

Unga unaingia ghalani siku nzima, kinu hakinyamazi. Kila gunia likifika mlangoni, Mama hufungua chungu chake cha pembeni, huchota kibuyu kimoja cha unga wa zamani na kuumimina juu ya unga mgeni, kisha mwenye gunia huuchanganya kwa mkono. Ni salamu. Unga unaambiwa umefika kwao. Kibuyu kikishatoka, kingine cha unga mpya hurudishwa chunguni, kwa hiyo chungu hakijaisha tangu enzi za mama mkwe wake.

Leo mgongo ulimuuma, akanipa kibuyu nichote mimi. Wanawake walipiga vigelegele. Gbolahan akipiga simu nitamwambia, atajidai wiki nzima.

Aprili 5

Kipimo cha kwanza cha ghala. Magunia mengine yamepita, mengine yana sumu. Si nyingi, lakini ipo. Nimerudia kwa vijiti vingine nikapata yale yale. Unga huu huu niliupima miambani ukiwa safi.

Aprili 7

Nimepanda darini mwenyewe. Bati moja limetoboka, na magunia ya ukutani yamekaa chini kwenye sakafu. Tumeziba bati, tumeinua magunia yote juu ya mbao, tumeacha njia ya hewa. Mama alisimama mlangoni akitoa amri kama kwamba wazo lilikuwa lake, na kusema kweli alijua mbao zilipo kuliko mtu yeyote. Nimelala nimechoka na nimeridhika.

Aprili 12

Mvua. Ghala kavu.

Aprili 19

Mbaya zaidi. Ghala ni kavu kama kiganja changu na sumu imepanda. Gunia la kona, lililokuwa safi juzi, leo limeshindwa kipimo.

Nimepiga magoti nikamweleza Mama. Hakusema neno la mzaha, na hilo lilinitisha kuliko kipimo.

Aprili 21

Leo nimefanya jambo ambalo halinikai vizuri. Mbele ya wanawake wote nilisema kwamba chanzo huenda ni unga ulioletwa haujakauka sawasawa, na kwamba mtu anayeanika mwisho na kuanua mwisho asilete tena mpaka nimpimie. Sikutaja jina. Hakukuwa na haja, maana vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

Sidikatu alikuwa na gunia lake jipya kichwani. Hakulitua. Aligeuka nalo akarudi nyumbani mvuani, na nilipomwita hakuitika.

Mama aliniambia jikoni, taratibu, "Kule ofisini mnasema kwanza halafu ndiyo mnapima?"

Aprili 23

Sidikatu amenipita kisimani kama ananipita mti.

Mei 2

Kipimo kingine. Sumu imeenea. Na safari hii magunia yaliyooza zaidi ni ya wanawake wanaosifiwa kwa unga wao mweupe. Nimeandika matokeo nikaketi nayo. Mkuu wangu amepiga simu, nimemwambia bado natafuta. Akanikumbusha tarehe.

Nimekagua kinu. Nimekagua magunia matupu. Nimenusa ufagio. Mama ananiletea chai na kuondoka bila kuuliza. Zamani ningesema ananipuuza. Siku hizi naona anasubiri, na kwamba anaogopa.

Mei 9

Nimekwenda kwa Sidikatu. Alikuwa anamenya muhogo uani, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Umekuja na kijiti au umekuja na mdomo?"

Nikamwambia nimekuja na vyote, na kwamba mdomo ndio uliotangulia kuomba radhi. Nikaomba radhi, tena kwa sauti, mawifi zake wakisikia. Alimenya muhogo mzima kabla hajasema kitu. Kisha akanionyesha gunia lile, pembeni ya jiko, chini ya paa linalovuja kuliko ghala lote. Nilipima huku yeye akisonya.

Safi. Kijiti kikatoa mistari yake miwili, minene. Nikarudia upande wa chini wa gunia. Safi.

Nilimwonyesha, nikadhani atanicheka. Alikuwa na machozi. Akasema kinachomuuma si maneno yangu. Kinachomuuma ni kwamba huu ni mwaka wa kwanza tangu aolewe unga wake kubaki nje kama wa mgeni. "Wa wenzangu wote umesalimiwa. Wangu haukusalimiwa na mtu, dada."

Nimerudi nyumbani nikiwa nimeelewa, na natamani nisingeelewa.

Mei 10

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alipokwenda kwenye ngoma ya kumpa mtoto jina, nilichota kijiko kimoja kutoka chunguni. Unga wenyewe wa juu ni mweupe, hauna harufu. Wa chini ni wa kijivu na umegandamana.

Kijiti kikiwa kisafi huonyesha mistari miwili. Sumu ikiwemo, wa pili hufifia. Wa unga wa chunguni haukufifia. Haukutokea kabisa. Niliupunguza makali kwa maji na spiriti, nikajaribu tena, haukutokea.

Kila gunia limepewa kibuyu cha hicho. Machi nilichota mimi, kwa mkono huu, na wakanipigia vigelegele.

Mei 11

Mvua. Sikusema.

Mei 13

Mvua tena. Sikusema. Mama amenipa kichwa cha samaki, ambacho katika nyumba hii mtu hapewi hivi hivi.

Mei 15

Nimewaambia wanawake wasichote ghalani mpaka niseme, wale gari, zile chenga za muhogo zilizokaangwa, na unga uliobaki majumbani. Wamekubali bila kelele, wakidhani ni mambo ya ofisi. Mama alinitazama. Sikusema.

Mei 18

Nimempigia Gbolahan. Nilidhani atanipa moyo. Badala yake akasema, "Hicho chungu usikiguse, Bolatito."

Nikamwuliza ni kwa nini. Akasema unga wa mwisho wa Ewatomi umo humo.

Ewatomi nilimkuta kwenye picha ya ukumbini tu. Alikuwa dada yake mkubwa, alifariki kabla sijaolewa, na katika nyumba hii hakuna anayemzungumza, isipokuwa kwamba kijiji kizima kinamwita mama yake kwa jina lake kutwa nzima. Miaka yote hii nimelitamka jina hilo kama mtu anavyotamka la mtaa.

Mei 19

Mvua.

Mei 24

Sikusema. Naanza kujichukia kidogo. Nikinyamaza, ghala litafungwa na magunia yote yatafukiwa, pamoja na chungu, na watakaokifukia ni watu wa ofisi wenye viatu vikubwa.

Juni 2

Nimesema.

Mvua ilikuwa imetukalisha ndani. Mama alikuwa anachagua mbegu za tikiti kwenye ungo, nami nikakaa chini, si kwenye kigoda, nikamweleza kila kitu kuanzia gunia la Sidikatu. Nilimwonyesha vijiti, cha Sidikatu na cha chungu, nikaviweka kwenye ungo mbele yake. Alivitazama kwa muda. Mikono iliendelea kuchagua mbegu.

"Ukiuchemsha?" akauliza.

"Moto hauiui, Mama."

"Juani je?"

"Hata jua."

"Ukiuchekecha, ukatupa wa kijivu ukabakiza mweupe?"

Nikamwambia mweupe nao unayo. Hapo mikono ikasimama.

Mvua ikabadili sauti juu ya bati. Kisha akazungumza, na sijawahi kumsikia akizungumza hivyo, bila mzaha hata mmoja, kama mtu anayemsimulia mtu wa nyumba yake.

"Siku ile walinifungia chumbani. Mzazi hamziki mwanawe wala haoni kaburi lake, ndivyo tulivyo, na mimi sikubisha. Nilisikia majembe. Sijui ni upande gani wa kijiji, na hakuna atakayeniambia, na siulizi. Walipomaliza wakanifungulia. Nikatoka, nikapanda mwambani, nikakuta makopa yake yamekauka. Aliyaanika mwenyewe kabla ya homa. Kila mtu alikuwa amelia, hakuna aliyekumbuka kuyaanua. Nikayaanua mimi. Nikayasaga, nikayatia chunguni. Tangu hapo kila unga unaoingia humu, ni yeye anayeusalimu. Nachota kidogo, narudishia. Sijamwacha aishe."

Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka mimi ni mke wa nyumba, kisha nikaushika hivyo hivyo. Akaniacha niushike.

Baada ya muda akauliza kama amewalisha watu sumu. Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia imeingia kidogo kidogo, inakaa kwenye ini, na kwamba kuna watakaopita salama na pengine wasiopita, na hakuna kipimo changu kinachoweza kuonyesha ni nani.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Mama."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mbegu. Usiku hakula. Nami nililia chumbani, kwa ajili yake na kwa ajili ya kibuyu changu cha Machi.

Juni 5

Amewaambia wanawake mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi, nikitafuta maneno laini, akaninyamazisha kwa kiganja. Alisimama mlangoni mwa ghala akasema sumu imetoka kwenye chungu chake, kwamba mke wetu ameipata, na kwamba kila unga aliousalimu usiliwe na mtu wala kuku. Hakujitetea. Ewatomi hakumtaja.

Mwanamke mmoja akaanza kusema kwamba watoto wake wamekula unga huo tangu wapate meno, akaangua kilio. Wengine wakainamisha vichwa. Nilidhani sasa ndiyo wanamgeuka. Sidikatu akatoka nyuma.

"Hakuna aliyetulazimisha," akasema. "Mimi mwezi mzima nimeililia hiyo salamu."

Yule mwenye watoto alikuwa bado analia, na Mama alimwendea akasimama karibu naye, asimguse, mpaka akamaliza. Hawakupatana papo hapo, wala sidhani mtu hupatana haraka hivyo. Lakini waliondoka pamoja.

Juni 6

Ripoti imekwenda. Chanzo kimejulikana. Ghala halifungwi. Magunia yaliyosalimiwa yafukiwe, ghala lipigwe chokaa, msimu ujao lianze upya. Mkuu amenipongeza. Nimemshukuru nikakata simu.

Juni 11

Magunia yamefukiwa, mbali na kisima. Wanaume wamechimba, wanawake wamebeba. Inauma kuona unga mweupe ukiingia ardhini wakati wa mvua, na hakuna aliyejifanya haimuumi. Nyumba zenye chenga za gari zitagawia zisizo nazo. Sidikatu amefungua gunia lake lile safi, na anapimia kila mtu huku akimtukana kidogo.

Chungu hakikuletwa. Hakuna aliyekiulizia, nami pia sikuuliza.

Juni 13

Mvua. Chungu kipo.

Juni 16

Chungu kipo. Mama amekifunika kwa kanga. Ofisi inataka nithibitishe kwamba chanzo kimeondolewa. Nimeandika kwamba kinaondolewa.

Juni 19

Asubuhi Mama amesimama mlangoni kwangu, chungu kichwani, jembe mkononi. "Njoo unishikie mwavuli."

Tulikwenda nyuma ya nyumba, juu kidogo, pale udongo unapoanza kabla ya mwamba. Nilitaka kuchukua jembe, akaninyima. Alichimba mwenyewe, kwa kupumzika, mgongo wake ule ule, nami nikisimama na mwavuli usiomfunika vizuri kwa sababu alikuwa haachi kuinama. Shimo lilikuwa refu na jembamba, si shimo la kumwagia unga. Hapo ndipo nilipojua tunafanya nini.

Alipomaliza alishika kiuno akasema, "Mpigie mumeo."

Nikapiga. Gbolahan akaitika kwa usingizi. Mama hakutaka kushika simu.

"Mwulize dada yake walimlaza kichwa upande gani."

Nilimwuliza. Alikuwa mmoja wa walioshika majembe siku ile, na maneno hayo hakuwahi kuulizwa na mtu. Nilisikia magari ya Lagos nyuma yake. Nilidhani atasema haifai, mzazi haambiwi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kichwa upande jua linapochomoza. Akaniuliza kama Mama analia. Nikamwambia hapana, anasubiri.

Mama akainamisha chungu, akaanzia upande huo. Aliumimina polepole, akausawazisha kwa kiganja, wa kijivu pamoja na mweupe, kuanzia kichwani kushuka. Akarudisha udongo kwa mikono, si kwa jembe. Alitaja jina mara moja tu. Kisha nikamsaidia kusimama.

Nilimletea maji ya kuosha miguu na mikono, akakataa. Aliketi ukumbini na udongo wake, mlango wazi, wapita njia wamwone. Wengi walitoa salamu za siku ya mvua wakapita. Sidikatu alikuja na bakuli la unga, akaona mikono ile, akatua bakuli bila kuuliza. Alipiga magoti akampa pole ya msiba, pole yenyewe kamili, kama anavyopewa mtu aliyetoka kuzika, na Mama akaipokea.